SOMO LA MWEZI: NDUGU YETU ANAYEUGUA AKILI

Masomo ya kusoma kwanza: Marko 5:1-20, Marko 3:20-21, 1 Wafalme 19:1-8, Yohana 9:1-3. Vikundi vya mitaa vyaweza kuligawa somo hili katika jioni mbili. Maswali yako mwishoni.

Mwezi wa Oktoba una siku mbili zinazokaribiana. Tarehe 10 ni siku ambayo tangu mwaka 1992 mataifa huikumbuka afya ya akili. Tarehe 18 kanisa letu humkumbuka Mtakatifu Luka, ambaye Mtume Paulo alimwita tabibu. Tumeona inafaa, kati ya siku hizo mbili, tufundishane habari ya ugonjwa ambao sisi Wakristo hatupendi kuutaja.

Tulianza kwa hesabu ndogo. Kwa Jumapili nane tuliketi na karatasi wakati wa maombezi, tukaandika kila ugonjwa uliotajwa. Malaria ilitajwa, sukari ilitajwa, presha, mgongo, macho, hata jino la mjukuu wa mtu. Ugonjwa wa akili haukutajwa hata mara moja. Je, ni kwa sababu parishi yetu haina wagonjwa hao? La. Iko nyumba ambayo kijana wake hajaonekana kanisani tangu Pasaka ya mwaka juzi. Sote twaijua sababu, wala hakuna aulizaye.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970 walikuwa wakiishi na ugonjwa wa akili wa namna moja au nyingine, yaani mtu mmoja katika kila wanane. Mabenchi yetu hukaliwa na watu wanane. Hatusemi kwamba kila benchi lina mgonjwa wake, maana hesabu za dunia nzima hazigawanyiki hivyo. Lakini msomaji akitazama kulia na kushoto Jumapili ijayo, akajihesabu na yeye mwenyewe, ataelewa kwamba hatuzungumzi habari za watu wa mbali.

Tena iko sababu ya karibu zaidi. Mwezi huu ndugu yetu mmoja ataruhusiwa kutoka hospitali na kurudi nyumbani. Kabla ya kuugua alikuwa mwimbaji wa kwaya. Katika kikao kimoja liliulizwa swali kama ni vema arudi mahali pake, au akae nyuma kwanza “tumwangalie”. Yeye na mama yake wametupa ruhusa ya kuliandika jambo hili bila kutaja jina. Somo hili lataka kutusaidia kulijibu swali hilo kabla hajafika mlangoni.

1. MANENO TUNAYOYATUMIA

Mwalimu huanza na maneno. Hebu tuyapange ubaoni: kichaa, mwehu, chizi, punguani, mwendawazimu. Neno wazimu lenyewe ni ndugu wa neno mizimu. Maana yake, wazee wetu walipomwona mtu amebadilika waliwafikiria mizimu kwanza, na lugha ikalihifadhi wazo hilo mpaka leo. Hatuwalaumu, kwa kuwa walisema walichokijua. Lakini sisi tuliokwenda shule tumeongeza baya zaidi, maana tumechukua majina ya hospitali tukayafanya matusi.

Hapa kwetu mtu akikosea jambo dogo huambiwa kwamba ametoroka Mirembe. Wenzetu wa Nairobi hulitumia jina la Mathari vivyo hivyo, na wa Unguja huitaja Kidongo Chekundu. Hospitali ya Mirembe hapa Dodoma ilianzishwa mwaka 1927. Kwa karibu miaka 100 imepokea watu waliokataliwa na watu wao, nasi twalitumia jina lake kuwatisha watoto. Mbona hatujasikia mtu akimtukana mwenziwe kwa kumwambia “wewe wa Ocean Road”? Wale wanaotibiwa saratani huko twawaonea huruma, twachanga nauli yao. Huyu wa Mirembe twamcheka.

Msomaji atasema kuwa ni mzaha tu, ulimi hauna mfupa. Tazama basi mzaha huo ufanyavyo kazi. Binti anaanza kukosa usingizi na kusikia sauti. Mama yake anajua dalili hizo si za kawaida, lakini anakumbuka jinsi alivyomcheka mtoto wa jirani. Anamficha ndani. Miezi inapita, ugonjwa unakua. Siku anapozidiwa, vijana wanamfunga kamba na kumpakia garini mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Jirani anatikisa kichwa na kusema: “Mnaona? Watu hawa ni wa kufungwa kamba.” Lakini angalipelekwa mapema angalikwenda kwa miguu yake mwenyewe, amevaa gauni lake la Jumapili. Ile aibu ndiyo iliyomfunga kamba, kisha kamba ikawa ushahidi wa kuongeza aibu. Mficha maradhi kifo humwumbua, nasi ndio tunaomfundisha kuficha.

Tuanze na jambo jepesi: kila mtu ana jina lake la ubatizo. Tumwite kwa hilo. Ikibidi kuutaja ugonjwa, tuseme “anaugua akili”, kama tusemavyo “anaugua moyo”.

2. UGONJWA WENYEWE

Ubongo ni kiungo cha mwili, kama ini na figo. Ini laweza kuugua, na ubongo pia. Kwa kuwa kazi ya ubongo ni kufikiri, kuhisi na kupambanua, kiungo hiki kikiugua dalili zake huonekana katika mawazo, maneno na matendo. Ndiyo maana twamhesabia mgonjwa tabia, badala ya kumhesabia ugonjwa.

Magonjwa haya ni mengi. Tutaje machache.

(a) Sonona. Hii ni huzuni nzito isiyoondoka kwa majuma, hata pasipo msiba. Mtu hapati usingizi au hulala mno, chakula hakimpendezi, kazi ndogo humshinda, hujiona hafai kitu. Wapo akina mama wanaoipata baada ya kujifungua, nasi twawasema kuwa hawampendi mtoto.

(b) Wasiwasi uliopita kiasi. Moyo huenda mbio, mikono hutoka jasho, mtu hudhani anakufa, na vipimo vya hospitali havioni kitu.

(c) Ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Kwa majuma mtu hana usingizi wala uchovu, anaongea haraka, anagawa mali zake. Kisha huporomoka katika sonona.

(d) Skizofrenia. Mtu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au huamini kwa nguvu mambo yasiyokuwapo. Duniani kote humpata mtu mmoja hivi katika kila watu 300.

Kifafa tunakitaja kando, kwa sababu si wazimu kabisa. Ni ugonjwa wa ubongo unaoleta degedege, ingawa mara nyingi hutibiwa katika kliniki hiyo hiyo ya akili. Hakiambukizwi kwa mate wala kwa povu. Kwa ajili ya hofu hiyo watu wameachwa wakaungua motoni, hakuna aliyethubutu kuwashika. Huko Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mmoja mwanamke mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, aliwaanzishia wagonjwa wa kifafa kliniki yao. Watu waliokuwa wakitengwa, wanakula peke yao na kulala peke yao, wakaanza kupata dawa.

Je, magonjwa ya akili husababishwa na nini? Mara nyingi na mambo kadhaa kwa pamoja. Yako ya kurithi katika ukoo. Yako yaletwayo na magonjwa mengine, kama malaria iliyopanda kichwani. Pombe na bangi huchangia, hasa kwa vijana. Kadhalika kufiwa, kupigwa, njaa, na mambo mabaya aliyotendewa mtu utotoni. Hakuna hata ugonjwa mmoja katika hayo tuliyoyataja unaoambukizwa kwa kukaa pamoja, kula sahani moja au kunywa katika kikombe kimoja cha Meza ya Bwana.

Na dawa zipo. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alieleza jinsi chumvi ya madini yaitwayo lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa wa lile kundi la tatu. Mwaka 1952 madaktari wa Ufaransa walianza kuitumia dawa ya klopromazini kwa waliokuwa wakisikia sauti. Kabla ya hapo hospitali nyingi za dunia hazikuwa na tiba kubwa zaidi ya kuta na kufuli. Tangu hapo dawa zimeongezeka. Wengine huzitumia kwa miezi, wengine kwa miaka mingi, kama vile mwenye presha anavyotumia zake. Ziko vilevile tiba za mazungumzo, ambazo kwa sonona na wasiwasi husaidia sana.

Lipo jambo moja ambalo twaomba lisisahauliwe. Baadhi ya dawa hizi huleta madhara: mikono kutetemeka, mwili kukakamaa, mate kutoka, uzito, usingizi. Watu wamwonapo mgonjwa anatetemeka husema wazimu umezidi. Kumbe huenda ameanza kupata nafuu, na kinachotetemesha mkono ni kidonge. Wengi huziacha dawa kwa ajili ya kicheko hicho, kisha huugua upya. Anayetetemeka arudi kwa mganga wa hospitali, apunguziwe au abadilishiwe dawa. Asiziache kwa shauri lake mwenyewe, wala kwa shauri letu.

Mwisho wa sehemu hii tuseme juu ya hofu. Wagonjwa wengi sana wa akili si wakali, wala hawamdhuru mtu. Mara nyingi zaidi wao ndio wanaopigwa, kuibiwa na kudhulumiwa, kwa kuwa wakisema hakuna anayewaamini. Akitokea mmoja aliyezidiwa na kuwa mkali, anahitaji kuwahishwa hospitali haraka, kama mwenye degedege la malaria, wala hastahili mawe.

3. MAANDIKO YATUFUNDISHA NINI

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa majibu yote mawili. Nasi tukiisikia habari ya mgonjwa wa akili huuliza swali lile lile kwa maneno ya kwetu: kalogwa na nani, au mama yake alifanya nini? Jibu la Yohana 9 latosha.

Mtazame Eliya. Nabii aliyekuwa ameushangaza mlima Karmeli anaketi chini ya mti jangwani, anaomba afe. Angekuwa wa parishi yetu tungemwambia hana imani. Malaika hakumwambia hivyo. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji, akamwacha alale, akamletea tena mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani. Kwanza chakula na usingizi.

Sasa Marko 5. Msomaji atatuambia kuwa yule wa makaburini alikuwa na pepo, si mgonjwa. Hatubishani naye. Tena Mathayo 4:24 yawataja wenye pepo na wenye kifafa kila mmoja kwa jina lake, kwa hiyo tusiyachanganye sisi ambayo Injili imeyatenga. Lakini tujifunze jinsi watu walivyomtendea. Walimfunga pingu na minyororo, mara nyingi, wala haikufaa kitu. Alikaa makaburini, yaani kati ya waliokwisha kuhesabiwa kuwa si watu wa mji. Bwana akamuuliza jina.

Kisha iangalieni aya ya 15. Watu wanakuja, wanamkuta ameketi, amevaa, akili zake zimerudi. Hapo ndipo Marko anapoandika kwamba waliogopa. Alipokuwa akipiga kelele usiku walikuwa wamekwisha mzoea. Alipotulia, akawa mtu kama wao, wakashikwa na hofu. Je, si ndivyo tulivyo? Mgonjwa wa barabarani twampita bila neno. Bali yule aliyepona, aliyevaa kanzu ya kwaya na kushika kitabu, huyo ndiye anayetutia wasiwasi, nasi twataka “tumwangalie kwanza”.

Mtu yule aliomba afuatane na Yesu. Yawezekana alijua yaliyomngoja mjini. Bwana hakumruhusu, bali alimwagiza aende nyumbani, kwa watu wake mwenyewe. Uponyaji wake ulikuwa haujakamilika mpaka aingie katika mlango wa nyumba yao.

Na kama bado twaona aibu, tusome Marko 3:21. Jamaa zake Yesu mwenyewe walitoka wamkamate, wakisema kwamba amerukwa na akili. Bwana wetu anajua maana ya kusemwa hivyo na watu wa nyumbani.

4. KOSA LETU WENYEWE

Haifai kufundisha wengine kosa ambalo sisi wenyewe tumelifanya, halafu tukae kimya.

Mwaka 1988 tulikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu, na mlezi wa bweni. Kulikuwa na mwanachuo wa mwaka wa pili, hodari wa hisabati. Katika muhula wa pili alianza kutokulala. Usiku alikwenda darasani na kujaza ubao kwa hesabu zisizokuwa na mwisho, na asubuhi alisema kuwa taarifa ya habari ya redio ilikuwa ikimtaja. Wenzake walicheka, baadaye wakaogopa.

Walimu tulifanya kikao kifupi. Hakuna aliyesema apelekwe hospitali. Sisi tuliokuwa mlezi wake ndio tulioshauri arudishwe kwao upesi, “kwa usalama wa wengine”. Alipakiwa katika lori la chuo pamoja na sanduku lake. Jioni ile tuliamuru godoro lake lichomwe moto, kana kwamba alikuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Twalikumbuka moshi wake mpaka leo.

Mwaka 2014, tulipokuwa tumekaribia kustaafu, tulisimama katika mji mmoja mdogo kungoja basi. Mtu mzima akatoka katika mashine ya kusaga, unga mikononi, akaja na kutuamkia: “Shikamoo, mwalimu.” Alikuwa yeye. Alikuwa mtunza hesabu wa mashine ile, ana mke na watoto watatu, na kila mwezi alikwenda kuchomwa sindano hospitali ya wilaya. Alitueleza kuwa mjomba wake alimpeleka kutibiwa, na baada ya miezi minne akawa mzima. Akaandika barua chuoni kuomba arudi kufanya mtihani wake. Akangoja. Akaandika ya pili. Alingoja miaka miwili.

Barua ile ya kwanza tuliiona. Ilisomwa, ikawekwa katika faili. Kila mmoja wetu alidhani mwingine ataijibu, na kwa kweli hakuna aliyetaka kuijibu.

Hakutukasirikia. Aliuliza jambo moja tu: “Mwalimu, ule mkebe wangu wa hisabati niliuacha ndani ya dawati. Mliuweka wapi?” Hatukujua. Basi likaja, tukapanda.

Ndugu wasomaji, nchi hii ina upungufu wa walimu wa hisabati tangu siku zile hata leo. Huyu alikuwa mmoja wao. Ugonjwa ulimchukua kwa miezi minne. Sisi tulimchukua kwa maisha yake yote ya kazi. Kuugua kwake hatukukusababisha. Hilo la pili ni letu.

5. WALIOTUTANGULIA

Tusidhani kwamba jambo hili haliwezekani. Wapo walioliweza.

Huko Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walijenga mwaka 1896 nyumba ya watoto waliokombolewa katika utumwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba hiyo iligeuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, nayo ingali ikifanya kazi hiyo chini ya ndugu zetu Walutheri. Wagonjwa hupewa dawa, na kazi pia: shamba, ufumaji, useremala. Mtu anayeshika jembe au randa hukumbuka kwamba mikono yake ina faida.

Katika mji wa Geel, Ubelgiji, liko kanisa la Mtakatifu Dimfna. Tangu karne ya 13 mahujaji walileta huko jamaa zao wanaougua akili, ili waombewe. Kanisa likajaa. Ndipo watu wa mji walipoanza kuwapokea majumbani mwao, na wengi wakakaa moja kwa moja, wakila mezani na wenyeji na kufanya kazi shambani pamoja nao. Katika miaka ya 1930 walikuwa zaidi ya 3,000. Leo wamepungua sana, lakini desturi ipo. Na watu wa Geel hawawaiti wagonjwa. Huwaita kwa neno la kwao lenye maana ya mtu anayekula na kulala kwako. Hayo yalifanywa na wakulima wa kawaida, si madaktari.

Mfano wa tatu ni wa Afrika, na wa karibuni. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda wa Harare, Zimbabwe, alitaka kuwasaidia watu wa Mbare waliokuwa na sonona, lakini hakuwa na chumba wala wauguzi. Alipewa akina bibi 14. Wakaweka benchi la mbao nje ya zahanati, chini ya mti, wakaliita benchi la afya ya akili. Watu hawakuja. Akina bibi wakamwambia daktari kwamba kwa jina hilo hakuna atakayekaa, liitwe benchi la urafiki. Jina likabadilishwa, na watu wakaanza kuja. Bibi huketi, husikiliza, humsaidia mtu achague tatizo moja la kulishughulikia kwanza. Mwaka 2016 matokeo yalitangazwa ya uchunguzi wa watu 573, nao walioketi na akina bibi walionekana, baada ya miezi sita, kuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Parishi gani isiyo na benchi, mti na bibi?

6. SALA NA VIDONGE

Wako wanaosema kwamba Mkristo akiombewa aache dawa, la sivyo imani yake ni haba. Twajibu hivi. Anayeombewa malaria humeza dawa, na hakuna anayemlaumu. Mungu aliyempa Luka utabibu ndiye anayesikia sala. Yakobo alifundisha wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Hakuwafundisha wamnyang'anye dawa yake.

Kwa hiyo tusimwachishe mtu dawa kwa jina la Yesu. Tusimfungie mgonjwa saumu ya siku nyingi, maana mwili wake unahitaji chakula na usingizi, kama ule wa Eliya. Tusimpige wala kumfunga mnyororo tukisema twamtoa pepo. Nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayoeleza jinsi mgonjwa apasavyo kupelekwa kutibiwa na kutunzwa, wala mnyororo wa nyumba ya maombi haumo.

Na mtu akisema amechoka kuishi, tusimkemee, wala tusibadilishe mazungumzo. Tumuulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Kisha tusimwache peke yake, tuondoe sumu, kamba na vyote vya hatari karibu naye, na twende naye hospitali siku ile ile.

7. BASI TUFANYE NINI

Twapendekeza mambo haya kwa parishi yetu:

(1) Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba, maombezi yawataje “wanaougua akili na wanaowatunza” pamoja na wagonjwa wengine. Jina la mtu litajwe iwapo mwenyewe amekubali.

(2) Wazee wa kanisa na Umoja wa Akina Mama wamtembelee mgonjwa wa akili kama wamtembeleavyo aliyelazwa kwa upasuaji: na unga, na sukari, na habari za nyumbani. Wasimzungumze mbele yake kana kwamba hasikii. Kasisi ampelekee Meza ya Bwana.

(3) Tusimsahau anayetunza. Mama anayekesha na mwanawe miaka kumi amechoka. Kukaa na mgonjwa alasiri moja, ili mama aende sokoni au alale, ni sadaka nzuri kuliko nyingi.

(4) Nauli ya kwenda kliniki mara nyingi ndiyo inayokatiza dawa. Mfuko wa wahitaji uihesabu nauli hiyo.

(5) Walimu wa Shule ya Jumapili wawakataze watoto kumfuata mtu barabarani na kumzomea. Mtoto huiga anayoyasikia mezani kwao, kwa hiyo wazazi waanze.

(6) Mtu aliyepona apewe kazi yake tena. Kama hana nguvu bado, apewe kidogo kidogo. Lakini aulizwe yeye mwenyewe, asikatiwe shauri akiwa hayupo.

Hapo twarudi kwa ndugu yetu wa kwaya. Daktari amemruhusu, dawa anazo, na sauti yake ya besi bado inahitajika. Tulimwuliza mama yake anaogopa nini zaidi. Hakuitaja hospitali, wala gharama. Alisema anaogopa Jumapili ya kwanza, mwanawe atakapoketi na watu wasogee. Kwa hiyo mashauri yetu ni haya: asikalishwe nyuma. Kitabu chake cha nyimbo kiwekwe mahali pake pa zamani. Watakaokaa kulia na kushoto kwake wajulikane mapema, wawe wawili walio rafiki zake, nao wamsalimie na kumwuliza habari kama wamwulizavyo kila mtu. Asikusanyiwe umati wa kumtazama, wala isihubiriwe habari yake. Aimbe.

Hujafa hujaumbika, wazee walisema. Leo ni yeye. Kesho yaweza kuwa mwanao, au wewe unayesoma, au sisi tunaoandika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni maneno gani ya dhihaka yanatumika nyumbani kwako juu ya wagonjwa wa akili? Nani alimfundisha mtoto maneno hayo?

2. Kwa nini watu wa Marko 5:15 waliogopa alipokwisha kupona?

3. Malaika alimfanyia Eliya mambo gani kabla ya kuzungumza naye? Sisi twaweza kumfanyia nani hayo hayo juma hili?

4. Je, kuna barua, salamu au ombi la mtu aliyeugua ambalo mpaka leo hatujalijibu? Tufanye nini?

5. Kutoka mtaa wenu, nani wawili wataketi na ndugu yetu Jumapili ya kwanza? Majina yapelekwe kwa katekista kabla ya mwisho wa juma.

SALA

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyemwuliza jina mtu aliyekaa makaburini, ukamrudisha nyumbani kwao, uwatazame wanaougua akili katika parishi hii, na wale wanaokesha pamoja nao. Utusamehe tuliowacheka, tuliowaficha na tulioacha kuwajibu. Uwabariki wanaowatibu. Utupe moyo wa kukaa nao benchi moja, kama wewe unavyotuketisha sote mezani pako. Amina.